Jiwe la Ishirini na Moja

Paukwa!

Pakawa!

Ah-ah. Hiyo ndiyo pakawa? Hiyo ni pakawa ya watu waliokanyagwa. Hebu tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimejua mko hai. Jana nilitaka kuwasimulia, mkaniambia, "Bibi ngoja, kesho kutwa Idi, madukani wamepunguza bei, tunakimbilia." Nikanyamaza. Leo mmerudi. Mmoja kaleta viatu viwili, vyote vya kushoto. Mwingine kachanika mfuko. Na wewe shemeji Makame, usijifiche nyuma ya mlango, nimeshaambiwa. Umegombea kanzu na mtoto wa miaka tisa. Na mtoto kashinda! Basi kaeni chini, wakubwa kwa wadogo, hadithi ya leo inawahusu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakivaa nguo na kujifunika mablanketi, kulikuwa na mwenye duka mmoja, Bwana Korongo. Miguu mirefu, mdomo mrefu, na subira ndefu. Duka lake lilikuwa Njia Nne, pale njia ya mtoni inapokutana na njia ya milimani. Korongo akiruka nchi za mbali, akirudi na marobota. Nguo, sufuria, kofia, mikeka, kila kitu.

Lakini bei! Bei ya Korongo ilikuwa kali. Blanketi moja, vikapu vitatu vya ukwaju. Huna? Pita hivi.

Ila siku moja katika mwaka, siku moja tu, ile ya kuamkia Sikukuu ya Mavuno, Korongo alipanda juu ya kichuguu akagonganisha mdomo wake, ko-ko-ko-ko-ko!

"Bei chee! Bei chee! Kilichokuwa kwa vikapu vitatu, leo kwa kifuko! Jamani, natupa!"

Siku hiyo nyika nzima ilihamia Njia Nne. Na mwezi mzima kabla yake, hakuna aliyekuwa na kazi nyingine. Ni kujiandaa tu.

Tembo akasuka kikapu. Kikapu gani! Kikapu cha kuingia nyumba na jiko lake. Twiga akafanya mazoezi ya kuinama, kwa sababu mwaka uliopita alinunua kofia tatu, maana vya chini hakuviona. Punda Milia akawa anatangaza kwa kila anayepita, "Mwaka huu nataka nguo isiyo na mistari. Mistari imenichosha." Kicheche hakujiandaa kwa lolote. Yeye akisimama kwenye foleni, watu humpisha wenyewe, wameziba pua.

Na Mama Ngiri? Lo, Mama Ngiri na usahaulifu wake! Akitoka nyumbani anajua anakokwenda, akifika njiani hajui. Basi mwezi mzima alitembea mkia juu, akisema, "Sufuria. Sufuria. Sufuria." Ukimwambia, "Umeamkaje, Mama Ngiri?" anakujibu, "Sufuria." Ukimwambia, "Mvua itanyesha leo," anasema, "Ndiyo, sufuria."

Mnacheka? Mimi namjua mtu hapa aliyetumwa chumvi akarudi na mbuzi. Tuendelee.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penye msingi wa hadithi. Pale Njia Nne palikuwa na desturi. Mtu hawezi kupiga foleni siku kumi juani, akaacha watoto na mifugo... eh, mifugo hawakuwa nayo, wao wenyewe ndio wanyama. Akaacha watoto na shamba. Kwa hiyo kila mmoja alichukua jiwe, akaja nalo, akaliweka mbele ya duka nyuma ya jiwe la mwenziwe. Tuu! Kisha akarudi kwake. Siku ikifika, anakuja anasimama kwenye jiwe lake. Waswahili wanasema, asiyekuwepo na lake halipo. Pale Njia Nne, asiyekuwepo, jiwe lake lipo.

Na sheria ilikuwa moja. Jiwe la mtu ni mtu. Semeni wote.

Jiwe la mtu ni mtu!

Ukilisukuma jiwe la mtu, umemsukuma mwenyewe. Ukiliondoa, umemwondoa mwenyewe. Likifika zamu yake mlangoni, Korongo huuliza mara tatu, "Jiwe la nani?" Mwenyewe huitika mara tatu, "Langu." Anaingia, anachukua mzigo mmoja anaoweza kuubeba, analipa, anatoka. Miaka nenda miaka rudi hapakuwa na ugomvi.

Sheria haikusema mtu aweke mawe mangapi. Haikusema kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri mtu ataweka zaidi ya moja. Ana miguu mingapi ya kusimamia?

Mpaka Bwana Fisi alipofikiri.

Bwana Fisi siku hizo alikuwa mnyama mzuri, msishangae. Mgongo wake ulikuwa umenyooka sawa, mbele na nyuma, kama meza ya fundi. Akijiona! Akipita anajitazama kwenye maji. Basi alikwenda dukani mapema kuliko wote, akahesabu marobota ya Korongo. Ishirini. Akacheka peke yake.

"Mimi nitaweka mawe ishirini," akasema. "Zamu ya kwanza mimi, ya pili mimi, ya kumi mimi, ya ishirini mimi. Naondoka na duka lote. Sikukuu ikipita, waje kwangu. Mimi bei chee siijui."

Akayabeba mawe ishirini kutoka mtoni? Thubutu! Fisi na kazi wapi na wapi. Aliyasukuma kwa pua, moja moja, gudu, gudu, gudu, akayapanga mbele kabisa. Wenzake walipokuja wakakuta safu ya mawe, yote ya mtu mmoja. Wakanung'unika. Tembo akatikisa masikio. Lakini desturi ni desturi, wakaweka yao nyuma. Jiwe la Tembo likawa la ishirini na moja. Mlishike hilo.

Tumwache Fisi na mawe yake. Twende upande wa pili, mbali kule, chini ya vilima, kwa Mama Digidigi.

Mama Digidigi alikuwa amejifungua. Mtoto mmoja, jina lake Tunu. Tunu alikuwa mdogo, miguu yake, mnazijua njiti za kiberiti? Basi hizo. Na alizaliwa na kifua. Akikohoa, kho, kho, kho, mwili mzima unaruka. Na kipupwe kinakuja. Mwaka wa nyuma Mama Digidigi alizaa mtoto mwingine, kipupwe kikaja, hakukuwa na blanketi. Mtoto yule hakuuona mwezi uliofuata. Sitaki kulisema zaidi, mmenielewa.

Vikapu vitatu vya ukwaju Mama Digidigi hakuwa navyo. Kifuko kimoja alikuwa nacho. Kwa hiyo ilikuwa bei chee au basi tena. Lakini Tunu atamwachia nani? Ambebe kwenye msongamano ule, na upepo, na vumbi? Akakaa mlangoni akalia.

Jirani yake alikuwa Bi Kobe. Akamsikia. Akaja, kwata, kwata, kwata. Nyumba zilikuwa zimepakana, alifika baada ya chakula cha mchana.

"Jirani, unalia nini?"

Akaelezwa.

"Basi nipe kifuko. Nitakwenda mimi."

Mama Digidigi akafuta machozi, akamtazama. "Dada yangu, usinichukie. Wewe? Njia Nne?"

"Kwani iko mbinguni?"

"Bei chee ni siku ya kumi na mbili kuanzia leo."

"Ndiyo maana naondoka sasa hivi."

Akakivaa kifuko cha ukwaju shingoni. Akiingiza kichwa, kifuko nacho kinaingia. Hakuaga sana, maana kuaga nako kunakula muda. Akashika njia, na njiani akawa anaimba. Nanyi mniitikie, kwata kwata, msikae kama magunia.

*Kwata kwata, nakwenda,*
*Mbio sina, nia ninayo.*
*Baridi, usitangulie,*
*Blanketi naja nalo.*

Siku ya tatu Twiga akampita. "Bi Kobe, unakwenda wapi?"

"Bei chee."

"Ya mwaka huu au ya mwakani?" Akacheka mpaka shingo ikampinda.

Siku ya saba Punda Milia akampita. "Bi Kobe, jiwe lako uliweka lini?"

"Sijaweka."

"Huna jiwe? Unakwenda kutazama wenzio?"

Bi Kobe akazidi kuvuta miguu. Lakini hapo ndipo roho ilimdunda. Jiwe! Hakulifikiria jiwe. Na hata angelifikiria, angelibeba na nini? Mikono hana. Akatembea anawaza. Kwata, jiwe. Kwata, jiwe. Akamkumbuka Tunu, kho, kho, kho. Akaendelea.

Siku ya kumi na moja, jua la utosi, akafika Njia Nne. Kimya. Katika joto lile hakuna mtu, kila mnyama kalala kivulini kwake. Mbele ya duka mawe tu, safu ndefu. Bi Kobe akatembea mpaka mkiani, nyuma ya jiwe la Mama Ngiri. Alilijua kwa sababu Mama Ngiri alikuwa amelichora sufuria.

"Jiwe sina," Bi Kobe akajiambia. "Basi nitakuwa jiwe langu mwenyewe."

Akajilaza pale. Akaingiza kichwa, akaingiza miguu, akaingiza mkia. Vumbi la siku kumi na moja lilikuwa limemganda gamba zima. Akalala fofofo.

Sasa, siku ileile asubuhi, Korongo alikuwa ameshuka na robota moja la mwisho. Kaliona wingu la kipupwe huko angani, akasema, mwaka huu baridi haina mchezo. Robota hilo lilikuwa la mablanketi. Habari zikamfikia Fisi.

"Nini? La ishirini na moja?" Fisi akaruka. "Na mawe yangu ishirini! Na la ishirini na moja ni la Tembo! Tembo akiingia na kikapu kile, mablanketi yote kwaheri!"

Akaja mbio, ti-ti-ti-ti. Akataka jiwe moja zaidi. Mtoni palikuwa mbali, jua kali, na Fisi mnamjua. Akaangaza huku, akaangaza huku. Akafika mkiani. Macho yakamtoka.

"Ah! Tazama jiwe hili. Limeviringana. Halina kona. Hili linasukumika lenyewe!"

Sheria inasemaje?

Jiwe la mtu ni mtu!

Ninyi mnajua. Na Fisi alijua. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Nani anaona?" akasema. Akalitia pua. Gudu! Gudu! Gudu!

Mle ndani Bi Kobe akaamka. Dunia inazunguka! Juu chini, chini juu. Akataka kutoa kichwa aseme, "We nani?" Mara harufu ya Fisi ikampiga. Mama yangu! Akajibana kabisa, pumzi akaikaba. Akamsikia Fisi anahema na kuongea peke yake.

"Nikiliweka nyuma ya mawe yangu, nitalisukuma mbele ya jiwe la Tembo, na Tembo atajua nimeongeza. Bora nilitie mbele kabisa. La kwanza. Hapo hakuna atakayeangalia."

Gudu, gudu, gudu, tuu! Akamweka Bi Kobe mbele ya mawe yote, mdomoni mwa mlango. Akajipangusa pua. Akaenda zake akicheka.

Bi Kobe akangoja nyayo za Fisi zipotee. Kisha akachungulia kwa jicho moja. Akaona mlango wa duka. Akaona mbele yake hakuna jiwe hata moja.

"Eh!" akasema. Akarudisha kichwa ndani, akafikiri mpaka asubuhi.

Asubuhi, ko-ko-ko-ko-ko! Korongo juu ya kichuguu. "Bei cheeee!"

Nyika imejaa pomoni. Tembo na kikapu, Twiga anainama na kuinuka, Punda Milia, Kicheche na uwazi wake mkubwa kila upande. Mama Ngiri, "Sufuria, sufuria, sufuria." Na mbele kabisa Bwana Fisi, mgongo umenyooka, kapaka mafuta, katoa kifua.

Watu wakahesabu mawe yake kwa macho. Ishirini na moja. Mnong'ono ukapita. Punda Milia akasema, "Jana hayakuwa ishirini?" Mwenzake akasema, "Labda limezaa."

Korongo akashuka, akasimama mlangoni kwa mguu mmoja. Hakufurahi. Lakini desturi ni desturi.

"Jiwe la kwanza. Jiwe la nani?"

"Langu!" Fisi akasema.

"Jiwe la nani?"

"Langu mimi! Nimelitoa mtoni!"

"Kwa mara ya mwisho mbele ya watu wote. Jiwe la nani?"

Fisi akazidisha. Mwongo akiachiwa nafasi ndivyo alivyo, hajui kuishia. "Langu! La baba yangu na babu yangu! Limelala nyumbani kwetu tangu sijazaliwa! Nimelibeba kwa mgongo huu huu mnaouona, peke yangu, mpaka hapa!"

Jiwe likapiga chafya.

Chee!

Hata Mama Ngiri aliacha sufuria.

Jiwe likatoa kichwa. Likatoa mguu, likatoa na mwingine. Likapepesa macho kwa jua.

"Hamjambo, jamani," akasema Bi Kobe. "Bwana Fisi, kumbe mimi ni wa kwenu? Babu yako alinipenda?"

Basi watu waliangua kicheko! Twiga akakaa chini. Kicheche akacheka, akajisahau, wote wakarudi hatua kumi nyuma. Fisi akajaribu kucheka pamoja nao, hi, hi, hi, lakini meno yaligongana.

"Nilidhani ni jiwe!" akasema.

Korongo akashusha mguu wa pili. Akishusha mguu wa pili, ujue mambo yameharibika.

"Ulidhani ni jiwe."

"Ndiyo, Bwana."

"Jiwe la nani?"

Fisi akageuza macho kwenye kichaka.

"Nakuuliza. Kama ulidhani ni jiwe, ulilikuta kwenye foleni. Ulidhani ni jiwe la nani?"

Angejibu nini? Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa amefika mwisho wake.

Watu wakaanza kupiga kelele. "Bi Kobe aingie! Yuko wa kwanza, aingie achukue!"

Hapa sasa, wanangu. Hapa nataka mnitazame usoni. Mlango uko wazi. Mablanketi yale pale, robota zima. Bi Kobe ana kifuko shingoni. Hatua tano tu, na wenyewe ndio wanaomwambia aingie. Ninyi mngefanyaje? Wewe shemeji, usijibu.

Bi Kobe akautazama mlango. Akamkumbuka Tunu. Akasema, "Ahsanteni. Lakini hapa si kwangu. Mimi nilijilaza mkiani, nyuma ya Mama Ngiri. Nimetumwa blanketi la mtoto wa Mama Digidigi, ana kifua, na nalitaka, Mungu anajua ninavyolitaka. Ila nikimlaumu Fisi kwa kupita watu, kisha nami nipite, tofauti yetu itakuwa gamba tu. Nirudisheni nyuma."

Tembo akainamisha kichwa.

"Kurudi mkiani kwa mwendo wako," Korongo akasema, "utafika tumeshafunga." Akamgeukia Fisi. "Umesema mara tatu ni lako. Basi jiwe lako, libebe."

"Nini?"

"Umesema umelibeba kwa mgongo huo. Watu hatujaona. Tuonyeshe."

Semeni wote. Jiwe lako, libebe!

Jiwe lako, libebe!

Fisi akapiga magoti. Bi Kobe akapandishwa, mwisho kabisa, kwenye kiuno. Ng'aa! mgongo ukalia. Fisi akampeleka mkiani, watu wamejipanga kulia na kushoto wanamtazama. Na yale mawe yake ishirini Korongo akaamuru yatolewe yote. Foleni nzima ikasogea mbele, na siku hiyohiyo ikawa sheria. Mtu mmoja, jiwe moja.

Bei chee ikaanza. Tembo akaingia na kikapu kile, akatoka na kitu kimoja tu, wenzake wapate. Blanketi. Twiga, blanketi na kofia, hakujizuia. Punda Milia akapata khanga nyeupe pe, akalia kwa furaha, na blanketi akabeba. Baridi ilikuwa inakuja, nani asiyetaka blanketi? Kule mkiani Bi Kobe ananyoosha shingo. Robota linapungua. Kila anayetoka ana blanketi. Moyo wake, ndu, ndu, ndu. Yalibaki manne. Yakabaki mawili. Likabaki moja, dogo, jekundu, la kumtosha mtoto.

Na mbele ya Bi Kobe yuko Mama Ngiri.

Mama Ngiri akaingia. Akaliona lile jekundu. Akalishika. Akalinusa. Akalitia kwapani. Bi Kobe akafumba macho.

Mama Ngiri akafika mlangoni, akasimama. Akakunja uso. Zile kelele za asubuhi zilikuwa zimemtoa kichwani kila kitu.

"Jamani," akasema, "mimi nilikuja kununua nini?"

Na nyika nzima, Tembo, Twiga, Punda Milia, Kicheche, wote waliomsikia mwezi mzima, wote waliomsikia Bi Kobe asubuhi ile, wakajibu kwa sauti moja. Mkisema msipasue paa langu.

Sufuria!

"Lo! Sufuria!" Akalitupa blanketi, akarudi ndani mbio, mkia juu, akatoka na sufuria, anacheka machozi. Ameipata aliyoitaka, na hakuna aliyemdanganya hata neno moja.

Bi Kobe akaingia, kwata, kwata. Akavua kifuko. Akashika blanketi jekundu kwa meno, na hapo tu, baada ya siku kumi na mbili, ndipo alipolia.

Lakini alipotoka nje, fuu! Upepo. Kipupwe kimeingia, siku hiyohiyo. Bi Kobe akatazama vilima kule mbali. Siku kumi na moja kwa mwendo wake. Blanketi litafika, Tunu atakuwepo?

Twiga, yule aliyemcheka njiani, akajongea kwa aibu. "Bi Kobe, nipe mimi nilipeleke."

"Ngoja," akasema Korongo. "Mwenye kazi yake yupo. Bwana Fisi! Unanyemelea wapi?"

Fisi alikuwa amekwishafika kichakani.

"Asubuhi jiwe hili lilikuwa lako na la babu yako. Sijasikia ukimpa mtu. Jiwe lako, libebe mpaka nyumbani. Na yale mengine ishirini nayo ni yako, mto uko njiani. Umeyatoa mtoni, yarudishe mtoni."

Tembo akayatia mawe ishirini kwenye wavu, akaufunga kiunoni kwa Fisi. Juu yake akampandisha Bi Kobe. Juu ya Bi Kobe, blanketi. Fisi akainuka, miguu ya mbele ikanyooka, ya nyuma ikakataa. Twiga na Punda Milia wakamsindikiza, mmoja huku, mmoja huku, asije akasahau njia kama Mama Ngiri. Akakimbia hivyohivyo, mbele juu, nyuma chini, hi, hi, hi, kwa aibu na uchungu. Na Bi Kobe juu anaimba.

*Kwata kwata, sitembei,*
*Mbio ninazo, miguu si yangu.*
*Baridi, umechelewa,*
*Blanketi hili la mwanangu.*

Mtoni akayamwaga mawe, chubwi! Mgongo haukurudi. Ulikuwa umeshazoea. Na kabla jua halijazama, Mama Digidigi akasikia wimbo mlangoni. Akatoka na Tunu kifuani, mtoto midomo imekuwa ya kijivu, hata kukohoa hana nguvu. Hakuuliza habari za safari. Alilichukua blanketi akamfunga mtoto, mara moja, mara mbili, mpaka ikabaki pua. Wakakaa wote kimya wanasikiliza. Bi Kobe, Twiga, Punda Milia, hata Fisi, amelala kifudifudi anahema.

Baada ya muda, ndani ya blanketi, kho.

Kisha, kwa nguvu, Tunu akalilia maziwa.

Mama Digidigi akamkumbatia Bi Kobe, gamba na vumbi lake lote. "Dada," akasema, "mwaka jana mimi sikuwa na mtu."

"Mwaka huu unaye," Bi Kobe akasema. "Nisogezee maji, nina kiu ya siku kumi na mbili."

Ndiyo maana mpaka leo ukimwona Fisi, mbele juu, nyuma chini, na kicheko chake kile kisicho na furaha. Anabeba alichosema ni chake.

Na mafunzo ni haya, nayasema wazi asije mtu akaniambia hakuelewa. Nafasi ya mwenzio ni ya mwenzio, hata kama hayupo kuilinda. Anayedai kisicho chake atakibeba na uzito wake. Na unapojiandaa kwa siku ya pupa, pamoja na kikapu na kifuko, jiandae na utu, maana huo hauuzwi huko uendako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Yaliyo mazuri yagawaneni kwa zamu, kila mtu na jiwe lake, na mabaya mniachie mimi nikayatupe mtoni. Shemeji Makame, nyanyuka. Nyumba ya yule mtoto unaijua. Nenda kamwombe radhi.